Nyumba ya Kiamunyi au fleti ya Section 58: wapi ushuru na ada zitatuuma kidogo?

Kerubo_Lanet:
Wadau, hamjambo. Mimi na mume wangu tumepanga Lanet, hapa Nakuru, miaka tisa na mwaka huu tumeamua kununua. Tumebaki na mbili. Ya kwanza ni nyumba ya vyumba vitatu kule Kiamunyi, milioni 6.9, ina ua wa watoto kucheza na mahali pa sukuma wiki. Ya pili ni fleti ya vyumba vitatu Section 58, milioni 6.2, karibu na kazi yangu. Broka anasema tutenge "laki tatu za karatasi" na haelezi ni za nini. Naogopa tulipe nyumba halafu tukwame kwenye ada. Ipi ina gharama ndogo?

Mzee_wa_Njoro:
Binti yangu, umetuachia nusu ya habari. Ya Kiamunyi ni miliki ya kudumu au ni lisi, yaani ya kukodishwa kwa miaka maalum? Hati imetoka kwa jina la muuzaji au bado iko ndani ya hati mama ya shamba zima? Fleti ina hati yake yenyewe? Mnalipa taslimu au kwa mkopo? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

HesabuZaMama:
Kabla hajajibu, ushuru wa stempu, ile kodi ya serikali ya kuhamisha umiliki, ni rahisi kupiga: mjini ni asilimia 4, mashambani asilimia 2, na anayelipa ni mnunuzi. Fleti ya 6.2 ni 248,000. Kiamunyi ikihesabiwa mashambani ni 138,000, ikihesabiwa mji ni 276,000. Kwa hiyo laki tatu za broka zinaweza kuisha kwa stempu peke yake, hata wakili hajaguswa. Ada ya wakili nayo ina VAT ya asilimia 16 juu yake, na watu wengi huisahau.

Rift_Mjenzi:
Kiamunyi ni mashambani, ile ni Rongai. Asilimia 2.

Dereva_58:
Rongai ya wapi? Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, na Kiamunyi imejaa mageti na lami. Usimpe dada wa watu matumaini ya bure.

Rift_Mjenzi:
Kupewa jiji si kubadilisha kila hati. Kuna hati kule bado zimeandikwa shamba.

Mzee_wa_Njoro:
Msigombane kwa jambo ambalo wakili atalimaliza kwa kuona nambari ya hati. Na kama bado ni ardhi ya kilimo, kuna bodi ya kudhibiti ardhi, ambayo lazima iidhinishe uuzaji. Ombi la idhini hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba kutiwa sahihi. Nimeona mkataba mzuri ukifa kwa sababu watu walisubiri "mvua iishe kwanza".

Otis_Kisumo:
Mimi ningeacha zote mbili. Nunua ploti Ngata ujenge polepole. Ploti ya milioni 1.5 unalipia stempu ya ile milioni 1.5 tu. Nyumba utakayoisimamisha juu yake haina stempu. Mimi nilifanya hivyo Riat, kule Kisumu, na leo nikikaa kwenye veranda naliona ziwa lote.

HesabuZaMama:
Otis, wewe una fundi ndugu yako. Yeye ana kazi ya zamu na watoto wawili. Kujenga kwa mbali kunakula pesa kuliko stempu.

Kerubo_Lanet:
Asanteni. Mzee, Kiamunyi broka amenionyesha kopi ya hati ambayo haisomeki vizuri. Ya fleti sijaiona kabisa, wanasema "iko kwa wakili". Pesa: tuna milioni 2.4 za akiba, nyingine ni mkopo wa sako (chama cha akiba na mikopo) na benki. Sikujua lisi ina umuhimu.

Nyar_Mamboleo:
Dada, simama hapo kwa "iko kwa wakili". Nikueleze yaliyonikuta Kisumu, na sitataja mtu.

Nilinunua nyumba karibu na Mamboleo, bei milioni 4.2. Muuzaji alikuwa mzee mpole, tukaelewana siku moja. Nikampa asilimia 10 mkononi mwake, badala ya kuiacha kwa wakili. Mwezi wa pili tukaenda kutafuta cheti cha kutodaiwa kaunti. Ada za ardhi hazikuwa zimelipwa kwa miaka mingi, na riba ilikuwa imepanda juu ya deni kama magugu maji. Bila cheti hicho hakuna uhamisho. Mzee akasema pesa nilizompa ameshalipia matibabu, hana kitu. Nikalipa mimi, laki mbili na kidogo, ili tuzikate kwenye bei ya mwisho.

Hapo nikadhani nimemaliza. Kumbe ardhi ilikuwa ya lisi, na kuna kodi ya pango la ardhi ya serikali kuu, ambayo ni tofauti na ya kaunti. Deni lingine, cheti kingine. Halafu mthamini wa serikali akaja, akaandika milioni 5. Stempu ikahesabiwa kwa 5, si kwa 4.2 tuliyokubaliana: 200,000 badala ya 168,000. Mwisho benki ikaona lisi imebaki na miaka michache, ikakataa. Nilikopa kwa dada zangu watatu. Nyumba ninayo, nashukuru Mungu, lakini mwaka ule sikulala vizuri.

Kwa hiyo sachi ya hati kwenye ofisi ya ardhi kwanza, vyeti vyote viwili kwanza, na amana ikae kwa wakili mpaka mwisho.

Kerubo_Lanet:
Pole sana dada. Nimesoma mara mbili. Nilikuwa nimepanga kumpa broka amana Ijumaa.

Nyar_Mamboleo:
Usimpe. Hata kidogo.

Dereva_58:
Njia ya kupunguza stempu ipo. Mnaandika bei ndogo kwenye mkataba, nyingine mnapeana pembeni.

HesabuZaMama:
Hapana, hapana. Kwanza ni kosa la kisheria. Pili mthamini haangalii karatasi yenu, anaangalia nyumba. Tatu, siku Kerubo akiuza, kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15 tangu Januari 2023, na faida huhesabiwa kutoka bei aliyonunulia. Akiandika 4 badala ya 6.9, atakuja kulipia faida ambayo hakuipata. Aliyekaa mwenyewe ndani ya nyumba miaka 3 mfululizo kabla ya kuuza husamehewa, lakini nani anajua kesho atahamishwa wapi?

Chebet_K:
Si niliskia wanunuzi wa mara ya kwanza hawalipi stempu?

Mzee_wa_Njoro:
Hiyo ni kwa nyumba za mpango wa bei nafuu, kama zile za Bondeni. Ukinunua kwa mtu binafsi unalipa. Na kwa upande wa mkopo, benki ikiandikisha rehani kuna stempu nyingine ya asilimia 0.1. Kwa milioni 3 ni 3,000 tu, hiyo isikutishe. Gharama za wakili wa benki na mthamini wa benki ndizo uulize mapema.

Rift_Mjenzi:
Fleti ina ada ya huduma kila mwezi. Walinzi, taka, maji ya pampu. Kwa miaka kumi hiyo inaweza kuipita stempu. Kiamunyi hakuna.

Chebet_K:
Kiamunyi uliza maji ni ya kisima au ya bomba. Visima vingi vya huku kwetu vina floridi, meno ya watoto wangu yameingia rangi ya kahawia na inaniuma sana moyoni. Nyumba ina ua mzuri lakini maji ndiyo mtoto anakunywa kila siku.

Otis_Kisumo:
Njoo Riat tu dada, maji ya ziwa.

Dereva_58:
Maji ya ziwa? Huku Ziwa Nakuru lilifurika likafuata watu Mwariki na Barut mpaka wakahama. Mimi mtu akiniambia ziwa naangalia mwinuko kwanza.

Kerubo_Lanet:
Swali la maji sikuwa nimeliwaza. Nimempigia broka, nimemwambia Ijumaa hakuna amana. Amekasirika, anasema kuna mnunuzi mwingine. Jumatatu naenda kwa wakili na nambari zote mbili za hati, kama ya fleti watanipa. Kuna anayejua vipimo vya floridi hufanyiwa wapi hapa mjini?

Chebet_K:
Niandikie pembeni, nikueleze nilipopeleka yangu.