Waraka mpya wa shule: mtoto akikohoa akae nyumbani siku 14. Binti yangu ana pumu, nifanyeje?

Mama Gredi Tatu (Umoja)

Wazazi na walimu mlio humu, hamjambo? Shule zinafunguliwa Jumatatu tarehe 10 Mei 2021, na ingawa nafurahi kwamba watoto wanarudi darasani baada ya korona kuwapotezea masomo mengi, waraka tuliotumiwa na shule ya binti yangu umeniacha njia panda.

Binti yangu ana miaka tisa na yuko Gredi ya 3. Ana pumu tangu utotoni, na kama mnavyoijua Nairobi, kuanzia mvua hizi hadi baridi ya Julai na Agosti hukohoa, hasa alfajiri na anapokimbia. Kliniki imempa inhela mbili, moja ya kuvuta kila siku asubuhi na jioni, na nyingine ya bluu ya kuvuta kifua kinapobana.

Masharti ya Januari tuliyazoea: barakoa, kupimwa joto langoni, kunawa mikono, na kila mtoto kubeba maji yake. Haya mapya yamekwenda mbali zaidi. Mwanafunzi atavaa barakoa tangu anapoingia langoni hadi anapotoka, hata wakati wa michezo. Yeyote atakayekohoa, au atakayepatikana na joto la nyuzi 37.5 au zaidi, atarudishwa nyumbani kwa siku 14 na hatapokelewa tena bila cheti cha maabara kinachoonyesha kwamba hana virusi. Madawati yatanyunyiziwa dawa ya klorini asubuhi na wakati wa chakula cha mchana. Tena hakuna mwanafunzi atakayeruhusiwa kuwa na dawa ya aina yoyote mkobani. Dawa zote zitafungiwa katika ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu.

Sipingi tahadhari hata kidogo. Sote tuliona mwezi wa Machi jinsi vyumba vya wagonjwa mahututi vilivyojaa jijini. Lakini nikiyasoma masharti haya kwa pamoja, naona kwamba klorini itamkohoza, kikohozi kitamrudisha nyumbani, na siku kifua kitakapombana kweli, inhela yake itakuwa chini ya kufuli ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu aliye mkutanoni.

Jirani yangu ananishauri nimnyweshe dawa ya kikohozi kila asubuhi ili apite langoni kimya. Mama mkwe anasema nisiitaje pumu kabisa, kwani watoto wenzake watamkimbia. Naomba kujua: je, niieleze shule au ninyamaze? Na je, kuna mzazi aliyewahi kuomba masharti kama haya yalegezwe kwa mtoto mmoja, akasikilizwa?

Baba Pacha (Donholm)

Pole, mama, ila mimi naunga mkono waraka huo. Darasa la wanangu lina watoto zaidi ya sitini, na nyumbani tunaishi na mama yangu mzazi ambaye ana kisukari. Mwalimu hana kifaa cha kutofautisha kikohozi cha pumu na kikohozi cha korona, na kila mzazi atakayepigiwa simu atasema kwamba mwanawe ana mzio tu. Mlango ukifunguliwa kwa mmoja utakuwa umefunguliwa kwa wote. Ikiwa mtoto anakohoa msimu wote wa baridi, labda ni heri asomee nyumbani mpaka Septemba.

Muuguzi wa Watoto

Mama Gredi Tatu, nimefanya kazi katika kliniki ya watoto wenye pumu kwa muda mrefu, hivyo nitaanza na lile lililonishtua zaidi. Tafadhali usimpe dawa ya kikohozi ili apite langoni. Dawa hizo haziitibu pumu, baadhi yake humfanya mtoto asinzie darasani, na ubaya mkubwa ni kwamba huweza kuificha ile dalili ambayo wewe na mwalimu mnapaswa kuiona mapema.

Baba Pacha ana hoja kwamba mwalimu hawezi kupima kwa macho, lakini si kweli kwamba hakuna tofauti yoyote. Kikohozi cha pumu kwa kawaida hakiandamani na homa; huzidi usiku, alfajiri, kwenye baridi, vumbi au mbio; kifua husikika kikilia mluzi; na hupungua mtoto anapovuta inhela ya bluu. Mtoto mwenye homa, anayelegea, anayelalamika koo au asiyesikia harufu wala ladha ni habari nyingine. Pamoja na hayo, virusi vyenyewe vinaweza kuamsha pumu, kwa hiyo kikohozi chake kikibadilika, yaani kikija na homa au kisipotulia kwa dawa iliyokuwa ikikituliza, abaki nyumbani na umpeleke akapimwe. Hapo usiombe upendeleo.

Kuhusu siku 14, nadhani walioandika waraka wamechanganya mambo mawili. Siku hizo ni za karantini ya mtu aliyekaribiana na mgonjwa aliyethibitishwa, kwa sababu virusi huweza kuchukua hadi siku 14 kabla ya dalili kujitokeza. Kwa mgonjwa mwenye dalili, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2020 ni siku 10 tangu dalili zianze, na siku nyingine zisizopungua 3 bila dalili. Mtoto ambaye daktari amemchunguza na kuthibitisha kwamba anakohoa kwa sababu ya pumu haingii katika kundi lolote kati ya hayo mawili.

Suala la barakoa michezoni ni jepesi. Shirika hilo pamoja na UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, walieleza mwezi wa Agosti 2020 kwamba watoto wasivae barakoa wanapokimbia na kucheza. Badala yake wacheze nje na wasisongamane. Darasani avae, kwani pumu iliyodhibitiwa haimzuii mtoto kuvaa barakoa ya kitambaa. Mpe barakoa ya pili mkobani, kwa kuwa iliyolowa mate na jasho huwa nzito kupumulia.

Nimeacha la muhimu kuliko yote liwe mwisho: asikose ile inhela ya kila siku. Wapo wazazi walioikatiza mwaka jana kwa kuogopa kwamba inapunguza kinga ya mwili, na wataalamu wa pumu duniani wanasisitiza kwamba iendelee kutumika hata wakati huu wa janga. Mtoto anayeivuta vizuri hukohoa kidogo, na huenda ukaona nusu ya tatizo lako la langoni limekwisha kabla hujaiandikia shule. Avute kwa kutumia spesa (kile kichupa cha plastiki kinachounganishwa na inhela) yake mwenyewe, asiyoshiriki na mtu.

Mama Wawili (Kawangware)

Spesa zikikushinda bei, muulize muuguzi wa kliniki akuonyeshe ile inayotengenezwa kwa chupa ya plastiki ya nusu lita. Wetu ametumia hiyo na imemfaa.

Mwalimu wa Chini (Kayole)

Ninafundisha madarasa ya chini katika shule ya umma, na ningependa wazazi waelewe waraka wa namna hiyo unatoka wapi. Waziri wa Elimu, Magoha, mwenyewe alikiri kabla ya madarasa yote kurudi Januari kwamba umbali kati ya mwanafunzi na mwanafunzi utakuwa mgumu kupatikana. Dawati ni lile lile, chumba ni kile kile, watoto ni wale wale. Mwalimu mkuu asiyeweza kupanua darasa hujitahidi pale anapoweza, yaani langoni, na ndiyo maana masharti ya langoni yanazidi kukazwa kila muhula huku watoto watatu wakiendelea kuketi dawati moja. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu wakuu wa shule. Nasema ili mwende kuzungumza nao mkijua kwamba wana hofu, na kwamba wengi wao si wakaidi.

Usinyamaze. Mtoto ambaye ugonjwa wake haujulikani akianza kukohoa kipindi cha pili, mwalimu hushtuka, hutoa darasa zima nje na kumtenga mtoto kwenye chumba cha peke yake. Hapo ndipo wenzake wanapompa jina la "Korona", na jina hilo haliondoki upesi. Nilipokuwa nimeambiwa mapema kuhusu mvulana mmoja wa darasani kwangu, niliwaeleza wenzake kwa sentensi mbili kwamba kifua chake hubana wakati wa baridi na kwamba hakiambukizi, na wakaendelea na hesabu zao. Kwa hiyo mama mkwe, kwa heshima zote, anaogopa jambo la kweli lakini dawa yake si kuficha.

Mwandikie mwalimu mkuu barua ya ukurasa mmoja na uambatishe barua ya kliniki. Eleza ugonjwa, vinavyouamsha, dalili zake za kawaida, dalili ambazo hata wewe unakubali zimrudishe nyumbani, na namna ya kutumia inhela ya bluu. Hiyo sehemu ya dalili unazokubali ndiyo itakayomtuliza mwalimu mkuu, maana itaonyesha kwamba hukuja kumtafutia mwanao njia ya mkato. Kisha omba mwalimu wa darasa na bawabu wapewe nakala fupi. Watu husahau kwamba anayeamua langoni saa moja asubuhi ni bawabu mwenye kipimajoto, na huyo hakuwamo mkutanoni. Kipimajoto chenyewe, kwa taarifa yenu, humsoma vibaya mtoto aliyetoka kukimbia au kusimama juani. Omba awekwe kivulini dakika chache apimwe tena.

Mjumbe wa Bodi

Ningependa kuongeza la kisheria kwa ufupi. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kinasema kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo yatakayotangulizwa. Kumwambia mzazi kwamba mtoto wake asomee nyumbani mpaka Septemba, kama alivyopendekeza Baba Pacha, ni kumnyima muhula mzima, kwani huu utafungwa Julai. Hata sharti la cheti cha maabara lina tatizo, kwa sababu kipimo katika hospitali za kibinafsi ni maelfu ya shilingi, na mzazi asiyekuwa nazo atamficha mtoto badala ya kumleta akiwa amepona.

Hata hivyo nakushauri usiingie ofisini ukiwa umeshika Katiba mkononi. Anza na mwalimu mkuu, umpe nakala mwenyekiti wa bodi, na usipojibiwa ndipo upeleke barua kwa Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti ndogo. Bodi yetu ilibadilisha sharti linalofanana na hilo baada ya barua moja tu ya mzazi, kwa sababu hakuna aliyekuwa amefikiria watoto wenye pumu lilipokuwa likiandikwa.

Baba Pacha (Donholm)

Nimeelewa kuhusu muhula, na hilo la Septemba naliondoa. Ila bado nataka barua hiyo itoke kwa daktari, isitoke kwa mzazi pekee.

Mama Gredi Tatu (Umoja)

Nawashukuru nyote, pamoja na Baba Pacha, kwa kuwa mwalimu mkuu aliniambia karibu maneno yake yale yale. Nilikwenda leo nikiwa na barua yangu na ya kliniki. Amekubali kwamba binti yangu akikohoa bila homa mwalimu atampa inhela na kumwangalia kwanza, na kwamba akirudishwa nyumbani, barua ya daktari itatosha badala ya cheti cha maabara. Inhela ya bluu itakaa kwenye mtoto wa meza ya mwalimu wa darasa, haitafungiwa ofisini. Barakoa ya michezoni ameahidi kuifikisha kwa bodi, ingawa sikuiona ikimshughulisha sana.

Klorini ndiyo iliyotushinda. Anasema mfanyakazi ni mmoja kwa madarasa yote, na kwamba hawezi kumpangia saa nyingine. Je, Muuguzi, harufu hiyo ina madhara kweli, au nina hofu tu?

Muuguzi wa Watoto

Ina madhara. Mvuke wa klorini ni miongoni mwa vitu vinavyobana kifua cha mwenye pumu, na kunyunyizia hewani ni kubaya zaidi kuliko kufuta dawati kwa kitambaa kilicholoweshwa. Kufuta kwa sabuni na maji kabla ya dawa ndiko kunakoifanya dawa ifanye kazi, kwa hiyo shule haitapoteza chochote ikiacha kunyunyizia.

Mwalimu wa Chini (Kayole)

Mfanyakazi akiwa mmoja, omba kitu ambacho hakitamwongezea kazi. Darasa la binti yako liwe la kwanza kusafishwa asubuhi, kabla lango halijafunguliwa, na wakati wa mchana watoto wale chakula nje huku madirisha yakiwa wazi mpaka dawa ikauke. Kwetu walikubali walipoona kwamba ni kupanga upya zamu tu. Aketi karibu na dirisha pia, ila baridi ya Julai ikianza umvalishe sweta ya pili.

Na kwenye barua yako, chini ya nambari yako ya simu, ongeza ya mtu mwingine anayeishi karibu na shule na umpe idhini ya kumchukua. Mwaka huu wa 2021 matatu bado zinabeba asilimia 60 ya abiria kwa sababu ya korona, na ukipigiwa simu saa sita ukiwa mjini utasubiri gari kwa muda mrefu huku yeye akiwa ameketi ofisini.