Kompyuta ya Shangazi haipati intaneti: gumzo la kikundi cha ukoo

Mariamu: Asalaam aleikum, jamaa zangu. Naomba msaada wa yeyote anayezifahamu kompyuta. Hii ya hapa kwangu Walukuba, Jinja, ninayowekea hesabu za ushonaji, imekataa kupata intaneti tangu umeme uliporudi jana jioni, ilhali simu yangu inaipata bila shida yoyote kutoka kwenye ruta hiyohiyo, kile kisanduku kinachotugawia intaneti. Kuna shule inayosubiri ankara ya EFRIS, ule mfumo wa mamlaka ya mapato, ya sare nilizowashonea, na mhasibu wao amesema wazi kwamba bila ankara hiyo halipi.

Mzee Juma: Waaleikum salaam, Mariamu. Hilo lisikunyime usingizi. Nyuma ya ruta kuna kitundu kidogo sana. Chukua sindano, nawe sindano huzikosi, ukibonyeze mpaka taa zote zizimike kisha ziwake upya. Mashine zote hizi dawa yake ni hiyo.

Idrisa: Shikamoo Baba Mkubwa, shikamoo Shangazi. Baba Mkubwa utaniwia radhi, lakini namwomba Shangazi asikiguse kitundu hicho. Kuzima ruta na kuiwasha hakuna madhara, ila kitundu hicho huirudisha katika hali iliyotoka nayo kiwandani, na huenda kikafuta jina la mteja na neno la siri ambavyo fundi wa kampuni aliviingiza siku alipokuja kuifunga. Vikifutika, hata simu inayopata intaneti sasa hivi itaikosa. Tuanze na tunachokijua: simu inapata, kwa hiyo laini inayoingia nyumbani ni nzima na ruta inafanya kazi. Kilichobaki kukagua ni kipande kilicho kati ya ruta na kompyuta. Je, kompyuta imeunganishwa kwa kebo au kwa waifai?

Mariamu: Marahaba, mwanangu. Ni kwa kebo, ile ya buluu. Swaleh yuko hapa na atakuwa mikono yangu, maana mimi nina kitambaa cha watu mezani.

Salma: Shikamoo Shangazi. Huenda kebo yenyewe imechoka. Kile kiplastiki kinachoishika kwenye tundu kikivunjika, kebo hulegea bila mtu kujua.

Mzee Juma: Au radi. Jinja mko kando ya ziwa, na mvua ya huko haiji bila radi.

Idrisa: Yote mawili yanawezekana, na yote mawili yanapimwa kwa macho. Swaleh, tazama tundu ambalo kebo imeingia, upande wa ruta na upande wa kompyuta. Kuna taa ndogo inayowaka au kupepesa?

Swaleh: Shikamooni nyote. Upande wa kompyuta kuna taa ya kijani isiyozimika na nyingine ya rangi ya chungwa inayopepesa. Upande wa ruta, namba 2 inawaka. Nimeichomoa kebo nikaipeleka kwenye tundu namba 3, na taa ya namba 3 ikawaka.

Idrisa: Hapo umefanya vizuri kujaribu tundu jingine. Radi ikipiga tundu la kebo, mara nyingi taa haiwaki tena kabisa, na kebo iliyokatika hali kadhalika. Taa hizo zinatuambia kwamba vyombo viwili vinaonana. Sasa tujue kama vinaelewana. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows, andika cmd, kisha katika dirisha jeusi litakalofunguka andika ipconfig na ubonyeze Enter. Nitumie picha ya kinachoonekana.

Swaleh: Nimetuma picha. Kwenye mstari wa IPv4 imeandikwa 169.254.83.12, na mahali pa geti hapana kitu.

Idrisa: Sasa tumepata pa kushika. Naomba mnivumilie nieleze, kwa sababu namba hiyo inasema mengi kuliko ule ujumbe wa kwamba hakuna intaneti. Kila chombo kinachojiunga na ruta, kiwe simu, televisheni au kompyuta, huomba kwanza kipewe anwani, na ruta humpa kila mwombaji ya kwake kutoka katika fungu ililowekewa, kama karani wa zahanati anavyogawa namba za foleni. Kompyuta ya Windows ikiomba na isijibiwe, hujitungia yenyewe anwani inayoanza na 169.254, nayo haiwezi kuifikisha kwenye intaneti. Kwa hiyo kompyuta ya Shangazi si mbovu na kebo haionekani kuwa na kosa. Imeomba anwani na haikupewa. Ndiyo maana hata geti, yaani anwani ya ruta ambayo ndiyo mlango wa kutokea kwenda kwenye intaneti, haipo. Swaleh, sasa chukua simu ya mama, ingia kwenye mipangilio ya waifai, gusa jina la mtandao wenu, unisomee anwani yake.

Swaleh: Ni 192.168.1.107, na geti ni 192.168.1.1.

Salma: Kwa nini simu ipewe na kompyuta inyimwe, na zote ziko nyumba moja?

Idrisa: Ndilo swali lenyewe, Salma, na sipendi kulijibu kwa kukisia. Shangazi, naomba kuuliza: ugonjwa huu umeanza jana tu, au umewahi kuja na kuondoka?

Mariamu: Sasa unaponiuliza nakumbuka. Umewahi kuja. Nikiiwasha kompyuta asubuhi na mapema, kabla sijafungua duka, huwa haina neno. Umeme ukikatika mchana na kurudi, nikija kuiwasha alasiri, hapo ndipo inapoanza ukaidi. Nilidhani ni joto.

Mzee Juma: Hata mimi ningesema joto.

Idrisa: Joto halichagui kuikataa intaneti peke yake, Baba Mkubwa; lingezima kompyuta nzima au kuifanya iwe nzito. Chombo kinachokubaliwa asubuhi na kukataliwa alasiri kinanifanya niwaze idadi ya waombaji. Lakini kwanza tujaribu jambo litakalotuhakikishia. Swaleh, fungua mipangilio ya mtandao ya kompyuta, uingie sehemu ya Ethernet, yaani ya kebo, na pale pa kupangiwa anwani ubadilishe kutoka ya kujipatia yenyewe iwe ya kuandikwa kwa mkono. Weka anwani 192.168.1.240, kinyago cha mtandao 255.255.255.0, geti 192.168.1.1, na DNS, yaani mtafsiri wa majina ya kurasa kuwa namba, uweke 8.8.8.8. Nimechagua 240 kwa sababu iko mbali na 107, hivyo si rahisi tugongane na chombo kingine. Kisha hifadhi, ufungue ukurasa wowote.

Swaleh: Imefunguka! Barua pepe za mama zinaingia zote kwa pamoja.

Mariamu: Alhamdulillahi. Basi tumemaliza?

Idrisa: Unaweza kutuma ankara yako sasa hivi, Shangazi, lakini tusiache hapo, kwa sababu tumempitisha mtu dirishani na mlango bado umefungwa. Swaleh, mama akishatuma, fungua kivinjari, uandike 192.168.1.1 kule juu panapoandikwa anwani za kurasa. Ruta itauliza jina na neno la siri; tazama kibandiko kilicho chini yake. Ukishaingia, tafuta sehemu iliyoandikwa DHCP, yaani ya kugawa anwani, uniambie fungu la anwani linaanzia wapi na kuishia wapi, na muda wa kuazima ni dakika ngapi.

Swaleh: Fungu linaanzia 192.168.1.100 na kuishia 192.168.1.119. Muda ni dakika 1440. Chini yake kuna orodha ya vyombo, na nimevihesabu, ni 20. Ninazitambua simu yangu, simu ya mama na televisheni. Zilizobaki ni simu tu, nyingine zina majina ya watu nisiowajua.

Salma: Shangazi, umekuwa kampuni ya simu!

Mariamu: Si watu wa ajabu. Ni wateja wangu, na vijana wa steji ya boda boda iliyo mbele ya duka. Mwenye kusubiri suruali yake ipunguzwe huwa na subira akiwa na intaneti, na vijana wale ndio wanaonipelekea mizigo mjini bila kunipandishia bei. Neno la siri nimelibandika mwenyewe ukutani, na sina mpango wa kulibandua.

Idrisa: Wala sitakuomba ulibandue, Shangazi. Ningeweza kukushauri ubadilishe neno la siri leo, na wiki ijayo wote watakuwa wamekuomba jipya nawe utawapa, tukarudi hapahapa. Kosa liko kwenye hesabu. Aliyeifunga ruta aliiachia nafasi 20 tu, ambazo kwa nyumba ya watu watatu zinatosha na kubaki, lakini kwa duka hazitoshi. Halafu kila anayepewa anwani huazimwa kwa dakika 1440, yaani saa 24, hata kama alikaa dukani muda wa kupimwa kiuno tu na kwenda zake. Nafasi yake inabaki imeandikwa jina lake mpaka muda uishe. Umeme ukikatika na kurudi, ruta nyingi husahau orodha yao na kuanza kugawa upya; simu zilizo karibu hujiunga zenyewe papo hapo, bila mtu kuzigusa, na kompyuta, ambayo hungoja uje kuiwasha, inafika nafasi zimekwisha. Ndiyo maana asubuhi inakubaliwa, na ndiyo maana simu yako, ambayo hailali nje, haijawahi kukosa.

Mzee Juma: Kwa hiyo hata ningeibonyeza kwa sindano, isingesaidia?

Idrisa: Pengine ingesaidia, kwa kuwa fungu la kiwandani huwa kubwa zaidi kwenye ruta nyingi. Lakini ungekuwa na fungu kubwa la kugawia intaneti isiyokuwepo, mpaka fundi wa kampuni apatikane, na leo ni Jumamosi.

Mzee Juma: Nimekuelewa. Endeleeni.

Idrisa: Swaleh, badilisha mwisho wa fungu kutoka 119 uwe 199, upunguze muda kutoka dakika 1440 hadi 120. Kisha tafuta sehemu ya kuhifadhi anwani. Hapo itakuomba namba ya MAC ya kompyuta, yaani kitambulisho cha kadi yake ya mtandao, yenye jozi sita za herufi na tarakimu. Utaipata katika lile dirisha jeusi ukiandika ipconfig /all, kwenye mstari wa Physical Address, chini ya Ethernet na si chini ya waifai. Ihifadhie 192.168.1.150. Tangu hapo ruta haitampa mtu mwingine anwani hiyo, hata duka lijae mpaka barazani. Ukimaliza, irudishe kompyuta kwenye hali ya kujipatia anwani yenyewe, maana ile 240 ya mkono tukiiacha, siku mtakapobadilisha ruta itakuja kuwasumbua na hakuna atakayekumbuka iliwekwa lini.

Salma: Kaka Idrisa, na wale wateja hawawezi kuingia kwenye kompyuta ya Shangazi na kuona hesabu zake, ikiwa wote wako kwenye mtandao mmoja?

Idrisa: Swali zuri, na lilikuwa linanisumbua. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, unaowapa intaneti bila kuwaruhusu kuvifikia vyombo vya nyumbani. Swaleh akiuona kwenye sehemu ya waifai, auwashe, aupe jina la duka na neno lake la siri, na hilo ndilo libandikwe ukutani. Lile la zamani libadilishwe, libaki la nyumbani. Vilevile neno la kuingilia ndani ya ruta lisibaki lilelile la kwenye kibandiko, kwa sababu ruta yenyewe iko dukani na kila mteja anaweza kukisoma.

Swaleh: Nimemaliza fungu, muda na kuhifadhi. Nimeizima kompyuta na kuiwasha tena. Ipconfig inaonyesha 192.168.1.150 na geti lipo. Mtandao wa wageni nimeuona, nauandikia jina sasa.

Mariamu: Ankara imekwenda na mhasibu amekiri kuipata. Swaleh, ukimaliza niandikie hilo neno jipya kwa maandishi makubwa. Vijana wa boda wameshaanza kuuliza kulikoni.