Mjadala: Taimusheya inaokoa pesa kweli, au tunalipia likizo ambazo hatutaenda?

Mleta mada (Dallas, Texas)

Ndugu zangu, salaam. Hili naliweka mezani kwa sababu kila shule zikifungwa, watu wetu wa hapa Marekani wanarudi kutoka Orlando na Las Vegas na picha za watoto kwenye simu na mkataba wa taimusheya kwenye begi. Wameambiwa jambo moja: acha kuitajirisha hoteli, lipia cha kwako. Mimi napinga. Kwa familia nyingi za kwetu huku ughaibuni, taimusheya haiokoi pesa. Nitaweka hesabu, na anayeona nimepotoka aje na yake.

Kwa asiyeifahamu: hununui nyumba. Unanunua haki ya kukaa kwenye nyumba ya likizo kwa wiki moja kila mwaka, au siku hizi pointi za kubadilisha na siku za kukaa. Biashara hii ilianzia Ulaya miaka ya 1960, Uswisi na kwenye milima ya Ufaransa, ikavuka kwenda Marekani muongo uliofuata, na Florida ikawa ngome yake.

Wiki moja ikinunuliwa kwa kampuni yenyewe, bei ya kawaida siku hizi inapita dola 20,000. Tuseme 22,000. Wengi wetu hatuna hela hiyo mkononi, kwa hiyo unatoa kianzio cha 2,000 na wao wenyewe wanakukopesha 20,000. Riba ya mikopo hii iko juu. Chukua asilimia 15 kwa miaka kumi: unalipa kama dola 323 kila mwezi, na mwisho wake mkopo peke yake umekula karibu 38,700. Ongeza kianzio, umefika 40,700.

Bado ada ya matunzo, ile ya kila mwaka ya usafi, bima, ukarabati na kodi za jengo. Hiyo unailipa uende usiende. Anza na dola 1,100 na uipandishe asilimia 5 kila mwaka. Kwa miaka kumi ni karibu 13,800. Jumla ni kama 54,500 kwa wiki kumi za likizo, yaani dola 780 kwa usiku mmoja. Mkopo ukiisha, ada haiishi. Mwaka wa kumi na moja inakaribia 1,800 na inaendelea kupanda.

Na hapo nimedhani umeenda kila mwaka bila kukosa. Nani kati yetu anaweza kuahidi hivyo?

Mchangiaji (Minneapolis)

Mkuu, heshima yako, lakini umechagua mnunuzi mbaya kuliko wote kisha ukaihukumu bidhaa. Mimi ninayo na siioni hasara, kwa hiyo niruhusu niweke hesabu ya upande wa pili.

Tuna watoto wanne, na mama mkwe yuko nasi. Hoteli haituweki watu saba chumba kimoja. Ni vyumba viwili, na wakati wa likizo za shule kila kimoja dola 180 si bei ya kushangaza. Hiyo ni 360 kwa usiku, 2,520 kwa wiki, kabla hujanunua chakula. Wewe umepandisha ada asilimia 5 kwa mwaka. Basi pandisha na hoteli vivyo hivyo. Kwa miaka ishirini hoteli imekula zaidi ya dola 83,000. Aliyenunua wiki yake kwa 22,000 taslimu, bila mkopo, akilipa ada kama ulivyoipiga wewe, ametumia kama 58,400. Tofauti ni karibu dola 25,000.

Halafu kuna jiko. Tunapika wali na maharage yetu, hatuendi mgahawani mara tatu kwa siku. Kuna mashine ya kufulia. Na kwa sababu ada imeshalipwa, likizo haiahirishwi. Bila hivyo mimi na mume wangu tungekuwa tunapokea zamu za ziada hadi watoto wanahama nyumbani. Hilo nalo lina thamani, hata kama halikai kwenye kikokotoo chako.

Mleta mada

Dada yangu, hesabu yako ni sahihi na naikubali ilivyo. Nyumba kubwa, familia kubwa, pesa taslimu, safari ya kila mwaka: hapo inawezekana. Shida yangu ni kitu ulicholinganisha nacho.

Anayetaka nyumba ya vyumba viwili yenye jiko halazimiki kukodi vyumba viwili vya hoteli. Anaweza kukodi nyumba hiyohiyo, jengo hilohilo, kwa mwenye wiki ambaye mwaka huu hawezi kwenda. Wako wengi, kwa sababu ada inawadai na wanataka angalau irudi. Mara nyingi wanakodisha kwa bei inayokaribia ada yenyewe. Mpangaji wa namna hiyo analala kitanda kilekile, anatumia jiko lilelile, na hana 22,000 aliyoifungia. Mwaka akiugua au akifukuzwa kazi, halipi kitu.

Na hiyo 22,000 taslimu ingeweza kufanya kazi nyingine miaka ishirini yote. Hukuihesabu.

Mchangiaji (Tampa, Florida)

Mimi niliwahi kukaa upande wa pili wa meza, nikiuza. Sitataja kampuni. Naomba niwaambie bei ile inatoka wapi, kwa sababu ndipo penye jibu la swali.

Wewe uliyepewa tiketi za bure za bustani za michezo au vocha ya chakula ili usikilize maelezo ya dakika tisini, zawadi yako imelipiwa na anayesaini. Yule kijana aliyekusimamisha kwenye ukumbi wa hoteli analipwa. Anayekutembeza kwenye nyumba ya mfano analipwa. Msimamizi anayekuja ukishasema hapana, akakata bei huku akiandika kwa kalamu juu ya karatasi, naye analipwa. Sehemu kubwa sana ya bei ni gharama za kukutafuta na kukushawishi. Kwa hiyo ukijaribu kuuza mwezi ujao, soko halilipi zile gharama, linalipa wiki ya kukaa tu. Ndiyo maana wiki iliyouzwa kwa maelfu inaonekana kwenye matangazo ya wamiliki kwa mia chache, nyingine kwa dola moja, na mwenyewe anaahidi kulipia gharama za kuhamisha hati.

Bei ya "leo tu" inakuja pale mtu akishachoka. Dakika tisini zinakuwa saa nne, watoto wana njaa, mke na mume wanatazamana. Kazini tulifundishwa kwamba anayekwenda nyumbani kufikiria harudi. Fikirini wenyewe: kama hesabu ingekuwa inasimama, kwa nini iogope usiku mmoja wa kulala juu yake?

Nimtetee kidogo dada wa Minneapolis. Kuna majengo yanayotunzwa vizuri sana, na kuna watu niliowauzia waliokuwa wakirudi kila mwaka wakitusalimia kwa furaha. Sikuuza uongo kwa kila mtu. Lakini kitu hiki si uwekezaji, na neno hilo nililisikia likitamkwa kwenye meza zile kila siku.

Mchangiaji (London)

Huku kwetu hadithi ni Tenerife, Gran Canaria na Costa del Sol, sehemu za likizo za Hispania. Waingereza walinunua kwa wingi sana miaka ya 1980 na 1990, na wengine mikataba yao haikuwa na mwisho. Hispania ikatunga sheria mwaka 1998 kuweka ukomo wa miaka 50. Kampuni kadhaa ziliendelea kuuza mikataba ya milele, hadi Januari 2015 Mahakama ya Juu ya Hispania ilipoamua kwamba mikataba ya aina hiyo iliyosainiwa baada ya sheria kuanza kazi ni batili. Umoja wa Ulaya nao unampa mnunuzi siku 14 za kughairi bila kueleza sababu, na muuzaji haruhusiwi kupokea hata senti ndani ya siku hizo.

Nchi hazitungi sheria kali namna hii bila kuona watu wameumia. Tena wanaumizwa mara mbili. Mtu akishachoka na ada, anapigiwa simu na anayedai ana mnunuzi tayari, au anayesema atamtoa kwenye mkataba, ila kwanza atume "kodi" au "ada ya kushughulikia". Mamlaka za Marekani zilisema mwaka 2024 kwamba kati ya 2019 na 2023 Wamarekani wapatao 6,000 waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300 kwa utapeli wa taimusheya unaoendeshwa Mexico, na nyuma yake kuna magenge ya dawa za kulevya. Wengi wa wanaolengwa ni wazee. Hili linaniuma zaidi ya bei yenyewe.

Mchangiaji (Houston)

Naona tunapita pembeni ya jambo kubwa. Mimi ni muuguzi. Likizo yangu ni wiki mbili kwa mwaka, na ninazikusanya. Nazikusanya kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya Mwanza. Mama yuko Mwanza. Nauli ya watu watano Desemba, na zawadi, na harusi ambayo lazima uchangie, na paa la nyumba ya bibi. Hiyo ndiyo likizo yetu, na ndivyo ilivyo kwa nyumba nyingi ninazozijua hapa. Mwaka tusipokwenda, tunaweka akiba ya kwenda mwaka unaofuata.

Sasa niambieni ile wiki ya Orlando inatumika lini. Mwenzangu kazini, Mmarekani, kila Julai anaenda ufukweni na familia yake, tangu alipokuwa mtoto. Kwake pengine inafaa. Bidhaa imetengenezwa kwa maisha yake, si yangu. Mimi nikinunua nitakuwa nalipa ada Florida huku nikilala kwenye ndege ya kwenda Kilimanjaro.

Mchangiaji (Minneapolis)

Dada wa Houston, hapo umenigusa, sina ubishi. Ila jua kuna kubadilishana. Unaweka wiki yako kwenye kampuni za kubadilishana, RCI au Interval International, ziko tangu miaka ya 1970, unachukua sehemu nyingine duniani. Pointi nazo mara nyingi zinaweza kusogezwa mwaka unaofuata.

Mleta mada

Zinaweza, kwa masharti. Uanachama wa kubadilishana una ada yake ya mwaka, kila mabadilishano yana ada yake tena, na wiki nzuri za Krismasi zinagombaniwa mapema. Na hakuna anayebadilisha wiki ya Orlando akapata wiki kwa mama yake Mwanza. Dada wa Houston amesema kile nilichotaka kusema vizuri kuliko nilivyokisema mimi. Hesabu yoyote ya taimusheya inaanza na "ukienda kila mwaka", na sisi ndio watu ambao hatuendi kila mwaka, kwa sababu tuna pa kwenda pengine.

Niongeze la urithi, maana linauzwa kama sifa: "watoto wako wataendelea kufurahia." Wanarithi na ada pia. Kimbunga kikipita, kama Ian kilivyopiga Sanibel na Fort Myers Beach Septemba 2022, wamiliki wanaweza kutozwa mchango wa ziada wa ukarabati juu ya ada. Mrithi anaweza kuikataa kisheria, lakini lazima aikatae rasmi na kwa wakati, kabla hajaanza kuitumia. Ongeeni na watoto wenu mapema.

Mchangiaji (Seattle)

Na anayeipenda kweli, kwa nini asinunue kwa mtu badala ya kampuni? Kwa hesabu zenu wenyewe: dola 1,500 za kununua, ada ileile kwa miaka ishirini, inakuja kama 37,900. Ni dola 270 kwa usiku kwa nyumba nzima. Hapo mimi naona akiba.

Mchangiaji (Tampa, Florida)

Ni kweli, na huo ndio ushauri ningempa ndugu yangu asiyesikia la kukatazwa. Aangalie mambo matatu tu: kama ada zote za nyuma zimelipwa, kama kampuni inamnyima mnunuzi wa mkono wa pili baadhi ya huduma za wanachama, kwa sababu nyingi hufanya hivyo, na kama mkataba una tarehe ya mwisho. Disney, kwa mfano, mikataba yake ina mwaka wa kuisha na bei yake ya mkono wa pili inashikilia vizuri kuliko nyingi. Hiyo ni hali ya pekee, asidhani zote ziko hivyo.

Mchangiaji (Nairobi)

Samahani kuingilia, nimesoma yote. Shemeji yangu anaishi Atlanta, alisaini Orlando Jumamosi iliyopita. Ametoa kianzio kwa kadi. Tangu jana dada yangu halali. Ameshachelewa?

Mchangiaji (Tampa, Florida)

Hajachelewa. Florida inampa siku kumi za kalenda tangu aliposaini au alipopokea nyaraka ya mwisho aliyostahili kupewa, ipi ije baadaye. Haki hiyo haifutiki hata kama alisaini karatasi ya kuikana. Asipige simu, maana simu itampeleka kwa mtu ambaye kazi yake ni kumbakiza. Atafute kwenye mkataba ukurasa unaotaja anwani ya kughairi. Aandike barua fupi: majina ya wote waliosaini, namba ya mkataba, tarehe, na sentensi moja kwamba wanaughairi. Wote wasaini. Aitume leo kwa posta ya rejista yenye uthibitisho wa kupokelewa, na atunze risiti, kwa sababu inayohesabiwa ni tarehe ya muhuri wa posta, si siku barua itakapofika. Mtu mwingine aliyesaini Nevada asitumie hesabu hii, kule ni siku tano tu.

Akishatuma, aandike hapa tujue.