Mafundi, flashi zenu za kupigia Windows ndizo zinazosambaza virusi!

Wakuu, hili limezidi. Mteja analeta laptopu, mafolda yote yamegeuka njia za mkato. Anapigiwa Windows upya, analipa, na wiki haijaisha ugonjwa umerudi. Anaambiwa "umechomeka flashi chafu". Flashi chafu ni hiyo yako, fundi, iliyopita kwenye mashine za mtaa mzima!

Tatizo linaanza pale flashi ya kubuti (ya kuwashia mashine na kusakinisha Windows) inapochomekwa kwenye Windows ya mteja ikiwa bado inawaka, eti ahamishiwe picha na Word zake kabla ya kufomati. Hapo hapo kirusi kinajiandika kwenye flashi. Na kinachobeba uchafu zaidi si Windows yenyewe, ni lile folda la "Programu" mnaloliweka humohumo: WinRAR, VLC, madraiva. Virusi kama Sality hujichomeka ndani ya faili la .exe, jina na ikoni vinabaki vilevile. Windows mpya ikishaingia mnaifungua VLC ile kwa ruhusa ya admin, na Defender (antivirusi ya Windows yenyewe) mmeshaizima ili krack, programu ya kukwepa leseni, ipite. Sasa hapo mmefomati nini?

Halafu ISO, yaani faili moja lenye Windows nzima ya kusakinisha. Mnapakua "Windows iliyokwisha kuwa activated" kutoka kwenye torenti, mnasema ni safi kwa sababu antivirusi imenyamaza. Ifungueni basi, mtazame sources\$OEM$\$$\Setup\Scripts. Mkikuta SetupComplete.cmd, ujue amri zilizomo zinaweza kuendeshwa mwisho wa usakinishaji kwa mamlaka ya SYSTEM, yaani mamlaka ya Windows yenyewe. Hata autounattend.xml (faili la maelekezo ya usakinishaji) iliyokaa mwanzoni mwa flashi, setup huisoma yenyewe bila kuuliza. Maofisi huvitumia kihalali, ila kama hukuviweka wewe, tupa hiyo ISO.

Chukueni ISO kwenye ukurasa wa Microsoft. Ukishachagua lugha, wanaonyesha jedwali la SHA-256, alama ya kutambulisha kila faili. Kisha fungua Command Prompt, uandike:

certutil -hashfile Win11.iso SHA256

Herufi na tarakimu 64 zitakazotoka zilingane zote na za jedwali. (ISO iliyotengenezwa na Media Creation Tool, programu ya Microsoft, haitalingana na jedwali, usihangaike nayo.)

Flashi yenyewe, GB 8 au zaidi, iandaliwe kwenye mashine safi. Kufomati kwa kubofya kulia hakutoshi: kunagusa patisheni (kipande cha flashi) moja tu, sekta ya kwanza ya flashi na patisheni nyingine zinabaki kama zilivyo. Ingia diskpart (programu ya amri ya Windows ya kusimamia diski), andika list disk, angalia ukubwa (flashi ya GB 16 husomeka 14), select disk na namba yake, halafu clean. Ukikosea namba umefuta diski ya mashine yako, na clean haiulizi mara mbili. Baada ya hapo ndipo Rufus, programu ya kuiweka ISO kwenye flashi.

Kwa mteja, zima mashine kwanza, huku umeshika Shift, maana bila hivyo Fast Startup (njia ya Windows ya kuwaka haraka) haizimi kikamilifu. Ndipo uchomeke flashi, uwashe na kubuti kutoka kwenye flashi: F12 kwa Dell na Lenovo, Esc kisha F9 kwa HP. Windows ya zamani isiione flashi yako kabisa. Data za mteja zitolewe kwa Linux ya kubuti (inayowaka kutoka kwenye flashi bila kuigusa Windows), ziende kwenye diski nyingine, nyaraka na picha tu. Hakuna .exe.

Na msifomati patisheni ya C mkaiacha ya D! Mafaili yaliyoambukizwa yanakaa D yakisubiri kubofywa, na hapo ndipo flashi husingiziwa hata ikiwa safi.

Kuna watakaokuja na kadi ya SD yenye kitufe cha kufunga isiandikwe. Kitufe kile ni ombi tu, kifaa cha kusomea kadi ndicho kinachoamua kukitii au kukipuuza. DVD-R haiandikiki tena, kweli, lakini ya GB 4.7 haiibebi Windows 11. Kama mnataka kinga ya kweli, nunueni flashi yenye swichi ya kuzuia kuandika ndani yake. Zipo, ni ghali kuliko za kawaida, na kazi hii inawalipa.

Anayebisha aje na hoja, si matusi.