Naombeni ushauri: dodoso linasema shwari, daftari la getini linasema vingine

Ghalani: Habari za jioni wakuu. Nasimamia ghala la sabuni hapa Dar, vijana 26. Bosi kaniagiza nipime utendaji kazi nilete mapendekezo. Nikagawa dodoso la maswali 15, wote wakajibu vifaa vinatosha, hakuna tatizo. Ila daftari la getini linaonyesha lori la Jumatatu hukaa karibu mara mbili ya lori la Jumatano, na mzigo ni uleule. Nishike lipi?

Bi Takwimu: Dodoso aligawa nani? Lilikuwa na sehemu ya jina?

Ghalani: Niligawa mimi. Jina lilikuwepo, ndiyo.

Bi Takwimu: Basi umepima wanavyokuogopa, kazi bado 😂. Daftari nalo linakwambia lori limechelewa, sababu halisemi. Kaa na saa, andika: limeingia saa ngapi, katoni ya kwanza, katoni ya mwisho, limetoka. Halafu ndo uongee na watu, dakika ukiwa nazo mkononi. Ukiuliza "mna changamoto gani?" utajibiwa "hamna, bosi". Uliza "lori lilikuwa limeshajaa saa 3, mlikuwa mnasubiri nini?"

Mzee wa Kiwanda: Tahadhari, ukikaa na saa watu hubadilika. Kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, walianza mwaka 1924 kupima mwanga wa taa na uzalishaji, majibu yakawachanganya. Ikabidi wahoji wafanyakazi zaidi ya 20,000, na mwaka 1931 wakamweka mtu awatazame mafundi 14 kwenye chumba chao cha kazi kwa miezi. Kumbe mafundi walishapatana kimya kimya kiwango cha siku, anayezidisha anapigwa ngumi mkononi. Hilo hesabu peke yake isingelitoa.

Dogo Winchi: Mimi mpakiaji. Anayetuandikia barua za onyo asije na kalamu kutuhoji. Tuma mtu mwingine, akae nasi kwa mama ntilie.

Ghalani: Mrejesho wakuu. Jumatatu ya kwanza niliacha kikao changu cha kila Jumatatu makao makuu, nikakaa na saa. Lori likatoka chap. Nikajua wananiigizia, kama alivyosema Mzee. Jumatatu iliyofuata nikaenda kikao, saa nikamwachia mwanafunzi wa fildi. Kupakia dakika 50. Kisha lori likasimama dakika 65, turubai limeshafungwa, dereva kalala juu ya usukani. Mwanafunzi akawauliza kwenye chai, wakacheka: wanasubiri muhuri wa hati ya kutolea mzigo. Muhuri uko kwenye droo yangu, ufunguo natembea nao.

Bi Takwimu: 😂😂 Na dodosoni hakuna aliyeandika?

Ghalani: Hata mmoja. Muhuri nimemkabidhi karani wa zamu, Jumatatu hii lori limetoka mapema. Napima wiki nne zaidi kabla ya ripoti, isije ikawa bahati tu.

Dogo Winchi: Hiyo ya droo utamwandikia bosi?

Ghalani: Hapo ndipo nilipokwama, mkuu.