Video za AI: kanga inageuka kitenge kila nikijaribu, nakosea wapi?

MwanaTanga88
Wakuu habari za jioni. Shangazi yangu ana duka la kanga hapa Tanga, kaniomba nimtengenezee video fupi za kuweka status, nikasema ngoja nijaribu hizi AI. Prompti yangu (maelezo ninayoiandikia AI) hii: "mama mrembo wa Kiswahili amevaa kanga anatoka nyumbani anapita sokoni anasalimia watu anaingia dukani anachagua kanga anatabasamu, video ya kuvutia yenye ubora wa hali ya juu". Kinachotoka sasa, kanga inakuwa kitenge, jina la kanga halisomeki, sura ya mama inabadilika katikati na soko lenyewe liko kama jangwani. Krediti zimebaki za klipu nne tu na nililipia hela yangu. Naombeni msaada.

fundi_kamera
Pole kaka. Umeirundikia kazi. Veo 3, ile AI ya video ya Google, kwa mfano klipu yake ni sekunde 8, we humo ndani umeweka matukio sita, lazima ikimbize au ikate, na ikikata ndo sura inabadilika. Klipu moja tukio moja na mwendo mmoja wa kamera, af unaunga kwenye CapCut, ile apu ya kuhariri video. Hayo maneno "ya kuvutia, ubora wa juu" yatoe, andika kile jicho linaona: mama wa miaka hamsini hivi amesimama mlangoni, ukuta wa chokaa nyeupe, jua la asubuhi linatokea kushoto, anainua kanga kwa mikono miwili, kamera iko usawa wa kifua inasogea mbele taratibu. Na maelezo ya huyo mama yarudie neno kwa neno kila klipu.

Bi_Mapindo
Naongezea kwenye kanga maana hapo pananiuma. Ukiandika "kanga" peke yake unapewa nguo yoyote ya Kiafrika. Eleza umbo: kitambaa chepesi cha pamba, mstatili, pindo pana pande zote nne, mji wa katikati una michoro yake, mstari mmoja wa maandishi juu kidogo ya pindo la chini. Hata hapo jina halitatoka sawa, na kanga isiyo na jina mimi siikubali. Kwa hiyo piga picha kanga yenyewe dukani, imening'inizwa vizuri kwenye mwanga wa mchana, ipandishe iwe fremu ya kwanza (Runway, Kling na Veo zinapokea picha), halafu prompti usielezee tena kanga, elezea mwendo tu, "upepo mdogo unatikisa pindo la chini, kamera imetulia". Kitambaa kikijikunja sana herufi zinaharibika.

sauti_ya_pwani
Usiandike "pasiwe na jangwa", mara nyingi ndo unaliita. Taja kilichopo, minazi, lami yenye unyevu, baiskeli zimeegemezwa ukutani. Kama apu yako ina kisanduku cha visivyotakiwa, huko ndo weka "jangwa, vumbi". Lugha pia, mimi nilijaribu prompti ileile kwa Kiswahili na Kiingereza, ya Kiingereza ilinielewa zaidi hasa kwenye miendo ya kamera. Ila sauti mrekodi shangazi mwenyewe, wateja wake wanamjua akiongea.

MwanaTanga88
Nimerudi wakuu. Nimetumia klipu mbili. Ile ya picha na upepo imetoka, WEMA HAUOZI inasomeka mwanzo mpaka mwisho, shangazi kaiangalia mara tatu kisha kamwita jirani! Bi Mapindo nashukuru sana. Ya pili nilisema mama anakunja kanga anaiweka kwenye rafu, vidole vimechanganyikana na kitambaa. Nirekebishe vipi?

fundi_kamera
Hiyo ya kukunja piga kwa simu, usiunguze krediti, mikono inayoshika nguo bado inaisumbua sana AI, na mikono ya shangazi ipo hapo hapo dukani. Mbili zilizobaki weka kwa kile simu yako haifiki, mfano kamera iko juu ya bahari alfajiri inafuata jahazi linaloingia. Ila jahazi nalo lieleze, chombo cha mbao chenye tanga moja la pembetatu, ukiacha hivihivi utaletewa meli ya milingoti mitatu.