Naombeni ushauri: zimebaki siku tisa kutoa maoni kwenye rasimu ya sheria ndogo, naanzia wapi?

Cherehani_Mlangoni

Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu naiweka nje, ubavuni mwa mlango, kwa sababu ndani kuna giza na uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi hauonekani bila mwanga wa jua. Nipo hapo mwaka wa kumi na moja sasa.

Juzi nimekuta tangazo ubaoni kwamba halmashauri yetu inatunga sheria ndogo ya matumizi ya kando ya barabara. Wananchi tunaalikwa kupeleka maoni kwa maandishi, kisha kutakuwa na kikao cha kusikilizwa. Kifungu cha 7 kinakataza "vizuizi" mbele ya majengo, na adhabu yake ni faini pamoja na kunyang'anywa kitu chenyewe. Kitu chenyewe ndiyo hiyo cherehani yangu.

Mafundi wenzangu wamegawanyika. Kuna wanaotaka tukusanye saini, kuna wanaosema yameshaamuliwa, tusihangaike. Mimi ofisi ya serikali sijawahi kuiandikia chochote zaidi ya kujaza fomu. Nisaidieni.

Mzee_wa_Mihtasari

Fundi, tangazo si rasimu. Kesho asubuhi nenda kaombe rasimu nzima pamoja na majedwali yake. Nimeandika mihtasari ya vikao vya namna hii kwa miaka mingi, na nimeona watu wakitetea kwa machozi jambo ambalo rasimu haikuligusa kabisa, huku lile linalowaumiza likipita kimya.

Ukiipata, usikimbilie kifungu cha 7. Soma kwanza ile sehemu ya tafsiri, huko mwanzoni, inayosema neno fulani "maana yake ni" kadha wa kadha. Uhai wa cherehani yako uko hapo. Ikishasema kizuizi ni nini, kifungu cha 7 kinafuata tu.

Nimechoka_Nao

Mimi nimeshiriki mara mbili. Mara zote mbili tulishukuriwa, tukapigwa picha, na sheria ikatoka vilevile, nukta kwa nukta. Siku ya kazi ikipotea hairudi. Nakuhurumia tu, fundi.

Kanuni_na_Haki

Ndugu Nimechoka, uchungu wako una sababu na sitaupuuza. Ila naomba nikuulize: hizo mara mbili ulipeleka maoni kwa maandishi, ukabaki na nakala?

Nauliza kwa sababu mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, na hoja iliyobeba kesi ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama haikuridhika na habari kurushwa tu mitandaoni halafu anayejali aitafute mwenyewe. Kabla ya hapo, mwaka 2006, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilizikataa sheria mbili zilizohusu afya kwa kasoro ya aina hiyohiyo: Bunge halikuwapa watu nafasi ya kweli ya kusikika.

Sisemi fundi aende mahakamani. Nasema ushiriki una uzito kisheria, na uzito huo unahitaji ushahidi. Isitoshe, mara nyingi sheria ndogo haimalizikii kwa madiwani. Tanzania, kwa mfano, huenda hadi kwa waziri kuidhinishwa kabla ya kuanza kutumika. Karatasi yako ikipuuzwa chini, yupo wa juu wa kuonyeshwa. Peleka nakala mbili, moja waipokee, nyingine waigonge muhuri na kuandika tarehe, uondoke nayo.

Nimechoka_Nao

Hatukuandika. Tulisimama tukaongea. Hilo la nakala hatukuambiwa na mtu.

Cherehani_Mlangoni

Nimerudi. Ofisini walinizungusha kidogo, lakini rasimu nimeipata, kurasa kumi na nne. Tafsiri inasema hivi: "kizuizi maana yake ni kitu chochote, cha kudumu au cha muda, kilichowekwa kati ya ukuta wa jengo na ukingo wa barabara."

Kitu chochote! Nimeandika hivi, naombeni mnisahihishe: "Sisi mafundi tunaiomba serikali yetu sikivu itufikirie sisi wanyonge, kwa kuwa kazi hii ndiyo inayotulisha na sheria hii itatuua kabisa."

Jirani_wa_Kona

Samahani kuingilia. Nimeisoma tafsiri hiyo mara tatu. Mwanangu anatumia kiti cha magurudumu, na mbele ya mlango wetu tumemjengea mteremko wa saruji wa kupandia. Upo kati ya ukuta na barabara. Kwa maneno hayo, huo nao ni kizuizi cha kudumu.

Mzee_wa_Mihtasari

Jirani, umegusa penyewe. Naamini aliyeandika rasimu alikuwa anafikiria marundo ya kokoto na mabanda, hakumfikiria mwanao. Hoja ya namna hii ndiyo inayomfanya mjumbe ageuze ukurasa asome tena. Kama rasimu ya kwenu ina maneno kama hayo, andika ya kwako. Na fundi, kwako pia lazima wapo wenye miteremko, watafute waandike kwa majina yao.

Sasa barua yako, fundi. Maneno yake ni ya kweli, lakini nikiwa mwandishi wa kikao nitaishia kuandika "mafundi wanapinga," mstari mmoja, basi. Hata saini mia zikiambatanishwa, ni mstari uleule. Barua tano za watu watano, kila mmoja na jambo lake, ni mistari mitano, na kila mstari unadai jibu lake.

Nipe vipimo. Chukua futi yako ya ushonaji. Njia ina upana gani mbele ya mlango wako, na cherehani na kiti vinachukua kiasi gani?

Cherehani_Mlangoni

Nimepima sasa hivi. Kutoka ukutani hadi ukingo wa barabara ni mita 4 na sentimita 20. Mashine na kiti, nikiwa nimekaa, sentimita 95. Inabaki mita 3 na sentimita 25 ya watu kupita.

Mzee_wa_Mihtasari

Basi una barua. Usiwaombe wafute kifungu, maana njia zinazibwa kweli na wapita njia wanaingia barabarani kwenye magari, nao ni watu. Wape maneno ya kuweka. Mimi ningeandika:

"Naunga mkono lengo la kuacha njia wazi. Tafsiri ya neno kizuizi, ilivyo sasa, inakamata hata vitu visivyoziba njia. Mbele ya mlango wangu njia ina mita 4.20, cherehani na kiti vinachukua sentimita 95 na huondolewa kila jioni. Napendekeza iongezwe: *isipokuwa kitu cha muda kinachoondolewa kila siku na kuacha njia ya waendao kwa miguu isiyopungua mita mbili, au mteremko wa kuingilia watu wenye ulemavu.*"

Ambatanisha picha moja yenye futi imetandazwa chini. Barua isizidi ukurasa mmoja.

Kanuni_na_Haki

Mita mbili zinatosha viti viwili vya magurudumu kupishana, nakubaliana nazo. Ongeza sentensi moja: unaomba kujibiwa kwa maandishi iwapo pendekezo halikukubaliwa, na kwa sababu gani. Na uliza leo kama wasemaji kikaoni wanajiandikisha mapema. Wengi hufika siku yenyewe wakakuta orodha imefungwa.

Cherehani_Mlangoni

Mrejesho, wakuu. Barua saba zimepelekwa jana, hakuna mbili zinazofanana. Ya muuza magazeti inazungumzia meza ya kukunja, ya fundi viatu inaomba muda wa miezi mitatu kabla ya adhabu kuanza. Karani alisita kugonga muhuri kwenye nakala zetu, nikamwambia nasubiri, nikasubiri, akagonga. Zote saba zina tarehe.

Kikao ni Alhamisi, dakika tatu kwa kila msemaji. Nimemtembelea mama mmoja mtaa wa pili anayetumia kiti cha magurudumu, ana mteremko mlangoni kwake na alikuwa hajasikia habari hizi kabisa. Amejiandikisha. Tumekubaliana aanze yeye, mimi nifuate na picha ya futi.

Nimechoka_Nao

Fundi, rasimu ya kwenu uliiombaje pale ofisini, ulitumia maneno gani? Kwetu wamebandika nyingine wiki hii.